Kutu Ndani ya Miezi Miwili: Uchambuzi wa Jiko la Moshi la Kigamboni

Jiko lenyewe ni pipa la lita 200 lililolazwa. Limekatwa mfuniko ubavuni, likafungiwa dohani upande mmoja na sanduku la moto upande wa pili. Moto hukaa sandukuni, nyama hukaa pipani, na moshi hupita katikati ukielekea dohani. Muundo huu umeenea kutoka Texas na Oklahoma, ambako wachomeleaji wa visima vya mafuta walikuwa wakiokota vipande vya mabomba mazito na kuvigeuza majiko. Hili la Kigamboni liliundwa mwezi Juni na fundi mtu mzima, mwenye jina lake mtaani, kwa ajili ya mgahawa mdogo wa kuku na samaki ulio karibu kabisa na ufukwe. Agosti haijaisha, kutu ilikuwa imeshapiga kambi. Mwenye mgahawa, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa ameshatoa hukumu: fundi kampa chuma feki, arudishe hela.

Niliitwa nikaangalie kabla hawajafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hiyo kauli ya chuma feki haikunishika. Pipa la kawaida ni chuma laini chenye unene wa milimita moja na kitu hivi, na chuma laini chochote, kiwe cha bei ghali au cha bei chee, kikikaa wazi kwenye upepo wa bahari hushika kutu. Tofauti kati ya pipa na yale mabomba ya Texas ni unene. Bomba la milimita 6 linaweza kuliwa miaka na bado likabaki jiko, ila pipa halina akiba ya kupoteza. Kwa hiyo swali la maana lilikuwa kutu imeanzia wapi, na kwa nini pale na si pembeni yake. Jamaa alikuwa ameshashika brashi ya waya. Nikamwomba aiweke chini kwanza, maana ukishasugua umefuta ushahidi wote.

Tulianza nje. Ubavu uliotazama bahari ulikuwa na madoadoa mekundu yaliyotawanyika, madogo, hayajachimba. Ubavu wa pili, unaotazama ukuta wa jikoni, ulikuwa safi. Hapo hapahitaji elimu kubwa. Juni hadi Agosti ni msimu wa kusi, na kusi pale Kigamboni huja na rasharasha ya maji ya chumvi. Kutu hutaka chuma, hewa na maji, na chumvi huharakisha kazi kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, nayo kutu ni umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya uso wa chuma. Zaidi ya hapo, ndani ya chumvi ya bahari mna magnesiamu kloridi, ambayo hufyonza maji kutoka hewani hata unyevu ukiwa chini ya asilimia 40. Dar hatujui unyevu wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba chuma kilichorushiwa chumvi kule ufukweni hakikauki sawasawa, hata kama kwa macho unakiona kikavu.

Halafu palikuwa na mistari ya uchomeleaji. Kila kiungo cha pipa na sanduku kilikuwa na uzi wa kutu juu yake, na ukipitisha kidole unahisi vichembe vya chuma vilivyoruka wakati wa kuchomelea vikagandia pale. Mahali pengine lile gamba linaloachwa na welding rodi halikubanduliwa, likapakwa rangi hivyo hivyo. Gamba lile lina vinyweleo na hukamata unyevu, na rangi iliyo juu yake inaondoka nalo. Hili ni la fundi, na nilimwambia waziwazi.

"Mzee, hapa uliwahi," nilimwambia.

"Bosi alikuwa na haraka, alishatangaza siku ya kufungua," akajibu, macho yakiwa kwenye kiungo. Hakubisha zaidi.

Kuzunguka sanduku la moto rangi ilikuwa imevimba na kuchunika. Ilikuwa rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya mageti na madirisha. Rangi hiyo haikuumbwa kwa joto la ukuta wa sanduku la moto, ambalo hupita digrii 300 bila shida. Ipo rangi ya kustahimili joto, hata wauza vipuri vya pikipiki wanayo kwenye makopo ya kupuliza kwa ajili ya egzosti, na nyingi huandikwa kwamba zinafika digrii 600 au zaidi. Hutaka chuma kilichosafishwa hadi kung'aa, mikono miwili au mitatu myembamba, kisha moto wa kupandishwa polepole ili ishike. Ukiipuliza juu ya kutu umepoteza kopo.

Ndani ndiko kwenye kisa.

Sehemu ya chini ya sanduku la moto ilikuwa mbaya kuliko zote. Kutu ilikuwa ya magamba, ukigonga kwa bisibisi yanadondoka vipande, na chini yake chuma kimepungua. Jivu la wiki nzima lilikuwa bado limo, limelowa na kugandamana. Watu wengi huliona jivu kama kitu kikavu, hata kinga. Jivu la kuni na mkaa lina chumvi zake, hasa za potasiamu, ambazo huvuta unyevu wa hewa usiku kucha na kuulaza juu ya chuma. Ongeza michirizi ya chumvi na ndimu kutoka kwenye kuku, ongeza umande, basi sakafu ya sanduku inalala majini kila siku. Na pale hakuna mafuta yanayoweza kuokoa, kwa sababu moto wa kesho yake unayaunguza yote.

Tukafungua mfuniko wa pipa. Uso wa ndani ulikuwa unanata. Ukipitisha ukucha, utando wa rangi ya njano unatoka kama nta, na chini ya utando huo, mahali palipokuwa pamefunikwa, kuna vidoa vya kutu. Lakini kwenye kuta za pipa, chini kidogo ya usawa wa wavu, kule mafuta ya kuku yanakorukia, chuma kilikuwa cheusi, kigumu, kikavu, hakina hata doa. Jiko moja, chuma kile kile, siku zile zile. Nilimwita rafiki yangu aguse pande zote mbili kwa kidole.

"Ulipaka mafuta gani siku ya kwanza?"

"Ya nazi. Safi kabisa, ya kukamua baridi. Nilipaka ya kutosha."

Mkewe alikuwa anakatakata vitunguu pale kizingitini. "Shemeji, mimi mafuta ya nazi napikia siku zote, sijaona yakakauka hata siku moja. Nilimwambia. Akasema kwenye video wamesema mafuta ya asili."

Mama alikuwa ameliona jambo lote. Kulipika jiko jipya kabla ya kulipikia maana yake ni kulipaka mafuta mepesi na kuyaunguza mpaka yageuke ngozi. Si kila mafuta yanageuka. Yanayogeuka ni yale ambayo chembe zake zina viungo vilivyo wazi, tayari kupokea oksijeni na kushikana zenyewe kwa zenyewe zikawa utando mmoja usioyeyuka. Wenye viwanda vya mafuta hupima uwazi huo kwa namba ya aidini: namba ikiwa kubwa, uwazi ni mkubwa. Mafuta ya nazi yako kati ya 6 na 11. Mawese yako hamsini na kitu. Karanga karibu 90 na kuendelea, ufuta na pamba mia na ushee, na alizeti ya kawaida huzunguka kati ya 118 na 141. Mafuta ya kitani ni kati ya yanayoongoza, hupita 170. Ukiunguza mafuta ya nazi kwa moto wa wastani unapata mafuta ya nazi ya moto. Yatachuruzika, yatafuka, yatabaki. Usiku yakipoa yanashika vumbi, na unyevu unapenya chini yake taratibu.

Kwetu pwani jambo hili linauma kidogo, maana nazi imetulea. Kwa wali haina mpinzani. Kwa kukikinga chuma, chupa ya alizeti ya Singida inaishinda mbali.

Mafuta ya kitani yana wapenzi wengi kwa sababu ya ile namba kubwa, ila mimi siyapendekezi. Ngozi yake ni ngumu lakini huvunjika na kubanduka kwa urahisi joto likipanda na kushuka. Na yale yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, yaliyochemshwa kwa ajili ya mbao, mara nyingi yametiwa dawa za kukausha zenye madini kama kobalti na manganizi. Hayo yasikaribie chakula.

Kosa la pili lilijificha kwenye lile neno "ya kutosha". Mafuta mengi hayatengenezi ngozi nene, yanatengeneza gundi. Unapaka, halafu unachukua kitambaa kikavu na kufuta kana kwamba umejuta kupaka. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho kinachotakiwa. Na la tatu lilikuwa moto: aliweka makaa machache, akakaa saa moja, akaona limefuka, akaridhika. Chumba cha nyama kilitaka digrii 130 hadi 160 kwa saa tatu au zaidi, tundu zote za hewa zikiwa wazi, na kazi hiyo irudiwe.

Kabla ya kuanza matengenezo nilichungulia chini ya ukingo wa pipa kwa tochi. Nilikuta bado kuna rangi ya dhahabu iliyokoza: ngozi ya kiwandani, ile wanayoipaka ndani ya mapipa mengi ili kinachowekwa kisigusane na chuma. Fundi alilichoma pipa kwa moto kabla ya kulikata, lakini hakulichoma hadi pembeni. Hili ni la afya kwanza, la kutu baadaye, maana mafuta ya kupikia hayashiki juu ya ngozi ile. Tulimuuliza pipa lilibeba nini akasema mafuta ya kula, na maandishi yaliyobaki kwenye kitako yalimuunga mkono. Kama lingekuwa limebeba dawa za kilimo au kemikali isiyojulikana, ushauri wangu ungekuwa mfupi: liuzwe chuma chakavu. Na anayetaka kukata pipa lililofungwa alioshe kwanza, afungue vizibo vyote viwili, alijaze maji hadi karibu na mstari wa kukata. Mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche za grenda hulipuka, na watu wameshakufa kwa hilo.

Wavu nao ulikuwa na hadithi yake. Haukuwa na kutu nyekundu hata kidogo, ila unga mweupe kwenye viungio. Jamaa aliufurahia kwamba "huu ndio chuma chenyewe". Ulikuwa wavu wa mabati, umepakwa zinki. Ule unga mweupe ni zinki yenyewe inayoliwa badala ya chuma, na kinachoila kwa kasi ni ndimu na siki za kuku. Zinki huyeyuka karibu na digrii 420, joto ambalo chumba cha nyama hakifiki, lakini wavu ukiwekwa juu ya makaa moja kwa moja unaweza kulifikia. Zinki si ya kuliwa na kuku wetu, na sikutaka mjadala mrefu. Uliondolewa siku hiyo hiyo, ukageuzwa kuwa banda la vifaranga. Mahali pake zikawekwa fito laini za chuma cheusi za milimita 8 zilizochomelewa kwenye fremu. Stenlesi ingekuwa bora, ila mfuko ulikataa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Fundi alibandua magamba ya uchomeleaji kwa nyundo na kulainisha viungo kwa grenda. Kwenye pipa nilimkataza kutumia jiwe la kusaga, kwa sababu ukisaga milimita moja unabaki na karatasi. Tulitumia brashi ya waya ya kufunga kwenye grenda, miwani machoni. Kisha pipa likajazwa kuni za mkorosho na mwembe, mfuniko wazi, moto ukawaka mpaka chuma kikaiva rangi na ile ngozi ya dhahabu ikageuka majivu. Lilipopoa likasafishwa tena, likaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, likasuuzwa.

Hapo ndipo wengi hupoteza kazi. Chuma kilichovuliwa kila kitu, kikaoshwa, kikaachwa "kikauke mpaka kesho", kesho yake kina ukungu mwekundu kote. Kwenye hewa ya Kigamboni haihitaji hata usiku mzima. Tuliwasha moto mdogo mara tu baada ya kusuuza, maji yakakauka kwa joto, na jiko likiwa bado vuguvugu la kushikika ndipo alizeti ikapakwa: kuta, mfuniko, fito za wavu, hata ndani ya dohani mpaka mkono unapofika. Ikafutwa. Mke wa rafiki yangu ndiye aliyefuta, na alifuta vizuri kuliko sisi wote. Halafu moto wa mkaa wenye vipande vya kuni, kipimajoto kikiwa kwenye usawa wa wavu na si juu ya mfuniko, ambako joto husoma tofauti. Likapoa, likapakwa tena, likafutwa tena, likaunguzwa tena. Kidole kikipita juu ya chuma kilichopoa hakikutakiwa kunata. Palipokuwa pananata, tulipaunguza zaidi bila kuongeza tone.

Sanduku la moto halikupakwa mafuta ndani. Ni bure. Nje lilipewa rangi ya egzosti, na kwenye viungo vyake, kila likiwa na joto la wastani, hupitishwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Ndani dawa yake ni kutoa jivu. Fundi alitengeneza chanja ya kuinua makaa sentimita kama 8 kutoka sakafuni, na chini yake sinia la bati jeusi la kuvuta. Jivu linadondokea siniani, asubuhi linatolewa likiwa kavu na kumwagwa kwenye ndoo ya chuma, kamwe si ya plastiki, maana kaa moja lililojificha hukaa na moto saa nyingi. Kutu ikitaka kula, itafune sinia.

Lilibaki suala la turubai. Kila usiku wakifunga, jiko lilikuwa likivishwa turubai zito la plastiki hadi chini na kukazwa kwa kamba, likiwa bado na joto. Rafiki yangu aliona huko ndiko kulitunza. Kilo moja ya kuni, hata zikiwa kavu kabisa, huzaa takriban nusu lita ya maji ikiungua, kwa sababu haidrojeni iliyomo kwenye mti huungana na oksijeni. Mengi hutoka kwa dohani, yanayobaki hugeuka matone kwenye chuma kikipoa. Na samaki nao hutoa maji yao. Ukilifunga turubai wakati huo umelifungia mvuke ndani, na ule wa ardhini unapanda kuungana nao. Ndiyo maana mfuniko, ambao hupoa mapema kwa kuwa uko juu, ulikuwa na vidoa vingi kuliko kuta. Tukajenga kibanda cha makuti chenye ukuta wa matete upande wa bahari kwa ajili ya kuzuia rasharasha. Turubai sasa huvishwa jiko likiwa limepoa kabisa, linaishia magotini, na tundu la hewa na dohani huachwa wazi kidogo. Dohani ikafungwa kofia ya bati ili mvua isiingie. Pipa likainamishwa kidogo kuelekea kwenye tundu la kutolea mafuta, milimita 10, lililotobolewa sehemu ya chini kabisa. Awali lilikuwa katikati ya mwinuko, halitoi kitu.

Kuhusu hela, nilisema nilichokiona. Viungo, rangi, ngozi ya kiwandani na wavu ni vya fundi. Mafuta ya nazi, jivu na turubai ni vya mwenye jiko. Wote wawili walinuna, kisha wakakubaliana: fundi akatoa nguvu yake bure, mwenye jiko akanunua vifaa. Sakafu ya sanduku ilikatwa na kuwekwa bati jipya la milimita 5, na hilo ndilo lililogharimu kuliko yote.

Vuli imepita. Mfuniko umeanza kushika weusi kama kuta. Mwezi Novemba walinipigia simu wakisema rangi ya ndani inachunika magamba meusi yanayodondokea kuku. Ndani hakuna rangi. Ni masizi na mafuta yaliyokauka tabaka juu ya tabaka, hubanduka yakishakuwa mazito. Yanakwanguliwa kwa kipande cha ubao jiko likiwa la moto, basi. Ukitaka kutofautisha na kutu, futa kwa kitambaa cheupe: kutu huacha rangi ya chungwa, masizi huacha nyeusi au kahawia ya ugoro.

Masika wanafunga mgahawa kwa wiki kadhaa, na jiko likikaa bila moto kwenye unyevu ule litaota ukungu mweupe juu ya mafuta. Nimewaandikia cha kufanya: wasiguse sabuni, walitie moto mkali tundu zikiwa wazi hadi lifuke na kuacha kufuka, walipige brashi, walitie moto tena kidogo, wapitishe kitambaa cha alizeti. Kabla ya kufunga watoe jivu lote na sinia liwekwe ndani ya nyumba. Na katikati ya mvua, hata kama hakuna mteja, mtu apite awashe makaa kidogo mara moja kwa wiki.